Bonde la Kiti cha Mbele

Mama yake alilizunguka gari mara mbili kabla ya kuligusa.

Mimi nilisimama kando ya cherehani, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane wa mwaka wa tatu, na mkoba wake mweusi aliubana kwapani utadhani karakana yetu imejaa vibaka. Mwanawe alisimama upande wa pili wa gari akitabasamu kwa niaba yetu sote. Kazi yake ni kupima viwanja, basi mimi humwita Mpimaji, naye huniita Fundi, na kwa mwaka mzima hatujahitaji majina mengine. Macho yetu yalikutana juu ya paa la gari. Akanikonyeza. Nilitaka kumkonyeza pia, lakini hofu ilikuwa imenikausha mpaka kope.

Nyuma yangu fundi rangi wetu, tunayemwita Kobe kwa mwendo wake wa kazi, alininong'oneza, "Akilia, ujue ni furaha. Akicheka, kimbia."

"Nyamaza wewe."

"Nakusaidia tu, shemeji mtarajiwa wa watu."

Zilikuwa zimebaki siku nne kufika Jumamosi, siku ya kuleta posa kwetu. Baba alikuwa ameshapaka sebule rangi mpya na kuazima viti vya jirani. Kwa miezi kumi na mmoja mama huyu alikuwa amekataa kabisa. Hakuwahi kunitukana. Alisema tu kwamba msichana anayelala chali chini ya magari ya watu hataingia jikoni kwake. Mpimaji akamweleza kwamba silali chini ya magari, mimi nashona viti. "Si magari hayohayo?" mama akamjibu, mazungumzo yakaishia hapo. Halafu, wiki mbili zilizopita, akalegea ghafla. Nitakwenda, alisema. Nitamwona baba yake.

Tukatafuta namna ya kumshukuru. Uani kwao, chini ya kibanda cha mabati, lilikuwepo gari la marehemu mumewe, gari la kale, pana kama kitanda, halijatoka pale tangu siku ya mazishi. Mama aliposafiri wiki moja kwa dada yake, tulilivuta mpaka karakana. Kobe alilipaka rangi. Fundi injini aliliwasha. Viti vilikuwa vyangu.

Na kuhusu kiti cha mbele tuligombana, mimi na Mpimaji, ugomvi wetu wa kwanza wa kweli.

Gari lile lilikuwa na kiti kimoja kirefu mbele, kutoka mlango hadi mlango, kama benchi la kusubiria daktari. Gia yake ilikuwa kwenye shingo ya usukani, kwa hiyo katikati hapakuwa na kitu cha kumzuia mtu. Mpimaji alitaka nilitoe benchi lote, niweke viti viwili vya kutengana, vile vyenye mbavu zinazomkumbatia mtu kila upande.

"Benchi ni la wazee," alisema. "Ukikata kona unateleza mpaka kwa abiria."

"Ndiyo kazi yake."

"Kazi ya nani?"

"Ya benchi. Unadhani waliolibuni hawakujua kuna kona?"

Alicheka, lakini hakukubali. "Fundi, sikiliza. Kiti cha peke yako kina heshima. Mgongo unanyooka, mkanda unabana vizuri, kila mtu ana nafasi yake."

"Kila mtu na nafasi yake ni ofisini. Mimi nikiolewa na wewe, sitaki kukushika mkono kwa kuruka vitu kama naruka ua wa jirani."

"Na usalama?"

"Nitafunga mikanda mitatu, ukitaka nitakufunga na wewe. Lakini ukiweka viti viwili, humo ndani mtakuwa watu wawili mnaoelekea sehemu moja. Basi. Hata abiria wa basi wanaelekea sehemu moja."

Alinitazama kwa muda mrefu, kwa yale macho yake yanayopunguza sauti ya mtu. Kisha akanitoa kipande cha uzi kwenye nywele, akakizungusha kidoleni.

"Haya," alisema. "Benchi libaki."

Nilifurahi mno. Usiku wa siku ile sikulala, nilijiona nimeshalikalia benchi lile, bega langu kwenye bega lake, kona zote za dunia ziko upande wangu. Asubuhi nikalifungua kwa mikono ya mtu anayefungua zawadi yake mwenyewe. Ngozi ilikuwa imepasuka. Sponji ilikuwa imegeuka unga. Upande wa dereva pamelala bonde, refu na lenye kina, na fundi wa viti akiona bonde anaona kazi. Nilikata springi zilizochoka, nikafunga mpya. Nikaweka sponji mpya, ngumu, nikavuta ngozi juu yake mpaka ukiipiga kofi inalia kama ngoma. Sponji ya zamani niliichambua vipande vidogo nikajazia mito ya mteja mwingine, maana kwetu hakitupwi kitu. Springi zilikwenda na mzigo wa vyuma chakavu.

Kwa hiyo mama yake alipofungua mlango wa abiria saa nane ile ya mchana, nilikuwa nangoja sifa.

Aliingia. Aliweka mkoba mapajani. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mwanamke wa aina yake: alijisogeza, kidogo kidogo, mpaka katikati ya kiti, karibu na usukani, akafumba macho. Uso wake ulilegea. Nikaona, kwa mara ya kwanza, sura aliyoirithi Mpimaji.

Akaegemea upande wa dereva, na hapakuwa na kitu cha kumpokea. Alishtuka kama mtu aliyekosea ngazi gizani. Akafumbua macho. Akaweka kiganja pale anapokaa dereva, akakipitisha huku na huku, juu ya ngozi yangu iliyonyooka.

"Liko wapi bonde?" aliuliza.

"Bonde gani, Mama?" Mpimaji alisogea dirishani.

"Hapa palikuwa na bonde."

Mimi ndiye niliyejibu. Mungu anisamehe, nilijibu kwa majivuno. "Nimeliondoa, Mama. Kiti kilikuwa kimechoka sana. Sasa unaweza kukaa miaka ishirini kisiiname."

"Umeliondoa."

"Ndiyo, Mama."

Alibaki na kiganja palepale. Kobe aliacha kupiga msasa. Karakana nzima ikasikika: bomba la maji linalodondoka, bati linalopanuka kwa jua.

"Kila siku saa kumi jioni," mama alisema, na alikuwa akisema na dashibodi, "nikimaliza kufua, nikimaliza kupika, na huyu yuko huko kazini anapima mawe, mimi huwa nakuja kukaa humu. Nakaa hapa katikati. Kiti kinanipeleka chenyewe upande wake. Sihitaji hata kumkumbuka. Kinanipeleka tu."

"Mama," Mpimaji alisema taratibu, "mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba mama yako anapanda gari lisilokwenda?"

Kobe alichukua kopo lake la rangi, akatoka nje bila neno. Mtu anayetania mpaka misibani.

Nilishika ukingo wa meza ya kukatia. Kuna hesabu moja iliyonijia pale na haijaniacha hadi leo. Ningemkubalia Mpimaji viti vyake viwili, benchi lingetoka zima. Boliti nne. Lingetoka na sponji yake, springi zake, bonde lake, tungelisimamisha pale ukutani karibu na mlango, na sasa hivi ningelirudisha ndani ya nusu saa. Nililibakiza kwa ajili ya mapenzi, na kwa kulibakiza nikaliua.

"Usilie, Mama," Mpimaji alisema. Alikuwa amezunguka, amefungua mlango wa dereva, amechuchumaa pale chini kama mtoto. "Usilie. Vitu vya zamani vipo. Fundi huwa hatupi kitu. Springi, sponji, vyote ameviweka. Atavirudisha kama vilivyokuwa."

Hakunitazama alipokuwa akisema.

Mama aligeuka. Macho yake yalinitafuta, yakanipata. "Kweli, binti?"

Binti. Kwa miezi kumi na mmoja nilikuwa "huyo wako", "yule wa gereji", "mtu wako". Alitoa mkono wake dirishani, na mimi nikasogea nikaupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mwepesi, wa moto.

"Ukinirudishia," alisema, "Jumamosi sitakuja na watu wawili. Nitakuja na ukoo mzima. Nitakaa mbele ya baba yako, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba nilikukataa kwa ujinga. Nitakuvisha mwenyewe siku ya harusi. Vipo, mwanangu?"

Mpimaji aliinua uso. Midomo yake haikutikisika, lakini mimi nayajua macho yale. *Sema ndiyo.*

Na ningeweza. Fundi mwenzangu akisoma hapa atajua jinsi ilivyo rahisi. Unafungua ngozi upande wa dereva. Unalegeza springi nne, unakata sponji kwa mteremko, unaikalia, unaikanyaga, unaifinya kwa mvuke mpaka izoee. Unamkalisha mtoto wa marehemu, mwenye mwili wa baba yake, upate kina. Saa mbili za kazi. Mama angeingia saa kumi jioni, akafumba macho, na kiti kingempeleka. Nani angejua? Wawili tu, nasi tungekuwa mume na mke.

Niliutazama mkono wake ndani ya mikono yangu.

"Havipo, Mama."

"Fundi," Mpimaji alisema.

"Havipo. Sponji niliichambua. Springi zilikwenda na chuma chakavu, gari la kuvibeba lilishaondoka. Naweza kukutengenezea bonde lingine, ukitaka. Lakini litakuwa langu. Lile halipo tena."

Aliuvuta mkono wake. Hakuuvuta kwa hasira, aliuvuta kama mtu anayeondoa mkono kwenye maji yaliyopoa. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza.

"Ulipokifungua, ulikuta nini ndani?"

"Mama, kwani—"

"Niambie. Wewe ndiye mtu wa mwisho kuliona."

Basi nikamwambia. Nilimwambia kwa lugha ya kazi, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa haitetemeki. Springi tatu zilikuwa zimekatika. Gunia linalotandikwa chini ya sponji lilikuwa limechanika umbo la nusu mwezi. Sponji ilikuwa nyembamba kama chapati mahali pa paja la kushoto. "Na zile springi nyingine," nilisema, "hazikulala kwenda chini. Zilikuwa zimelala kushoto."

"Kushoto?"

"Kuelekea katikati. Madereva wengi, springi zao hulala upande wa mlango, kwa sababu ya kuingia na kutoka. Za kwake zote zilikuwa zimelala huku." Nilionyesha kwa kiganja, kuelekea pale alipokuwa ameketi. "Haiwi kwa mwaka mmoja wala miwili. Ni mtu aliyeendesha miaka mingi ameinamia upande wako."

Mama aliutazama mkono wangu mpaka nikauteremsha.

"Mimi nilidhani ni mimi tu," alisema. "Nilidhani mimi ndiye ninayemwegemea, yeye anavumilia. Hakuwa mtu wa maneno. Miaka thelathini na mmoja. Nikimuuliza unanipenda, ananiuliza kama mafuta ya taa yamekwisha." Alicheka, na kicheko kikavunjika katikati, akaficha uso kwenye mkoba wake. Mabega yake yalitikisika bila sauti. Mpimaji alimwekea mkono mgongoni. Mimi nilibaki nje ya dirisha, sina pa kuweka mikono yangu.

Alipoinua uso alikuwa ameshajipangusa.

"Na wewe uliliona hilo."

"Ndiyo, Mama."

"Uliziona zimelala kushoto. Ukajua maana yake."

"Nilijua."

"Halafu ukachukua mkasi."

Nilitaka kusema koleo, maana springi hazikatwi kwa mkasi. Hivyo ndivyo akili inavyokimbia. "Nilidhani ni uchakavu," nilisema. "Ndivyo tunavyouita."

"Sikuchukii, binti." Alifungua mlango akashuka, akanyoosha gauni lake. "Ungenidanganya, ningekuja kukuchukia siku nyingine. Hukunidanganya, huyu wangu ndiye aliyetaka kunidanganya, na hilo nitalizungumza naye nyumbani. Lakini siwezi. Kila utakaponiletea kikombe cha chai, nitaitazama mikono yako. Mtu haishi nyumba moja na hivyo. Mwambie baba yako anisamehe. Jumamosi sitakuja."

Akaenda kusimama mlangoni pa karakana, ametugeuzia mgongo.

Mpimaji alinivuta nyuma ya rundo la viti vya basi ambavyo bado havijashonwa. Alinishika mikono yote miwili juu ya viwiko. Pumzi yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

"Neno moja," alisema. "Neno moja tu, Fundi! Ungesema ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu ungetengeneza. Ungeweza?"

"Kwa saa mbili."

"Saa mbili! Tumengoja mwaka mzima, unanitupa kwa kazi ya saa mbili?"

"Kila siku saa kumi angekwenda kuegemea kazi ya mkono wangu akidhani ni mumewe. Na mimi niko jikoni, namwona dirishani. Akirudi ndani ananiambia, leo baba yenu alikuwepo. Wewe ungeweza kukaa mezani ukala?"

"Ningeweza."

Alijibu papo hapo, bila hata kufikiri.

"Kwa ajili yako ningeweza," alisema tena, akidhani sikusikia. "Ningekula, ningelala, na asubuhi ningemsalimu. Hilo kwako si mapenzi?"

Ni mapenzi. Sikatai hata leo. Nilimtazama usoni, kidevu chake chenye kovu la kisu cha kunyolea, na nilimpenda. Na nilijiuliza mimi angenidanganya lini, kwa ajili yangu, kwa uso huohuo mzuri.

"Nakupenda," alisema.

"Najua."

"Basi nisubiri. Mwezi mmoja, miwili. Atapoa, mimi namjua."

"Usimngoje apoe. Nenda sasa hivi, yuko palepale mlangoni. Mwambie Jumamosi utakuja. Akikataa kukusindikiza utakuja peke yako, na viatu vyako."

Aligeuza shingo akamtazama mama yake. Mgongo ule mfupi mlangoni, mkoba kwapani. Kila siku kazi yake ni kusimama katikati ya shamba, watu wanatukanana huku na huku, na kusema: mpaka ni hapa. Nimemwona akisema hivyo mbele ya watu wenye mapanga. Nilihesabu matone ya bomba, moja, mbili, mpaka tisa. Mikono yake ilianza kulegea kwenye viwiko vyangu, taratibu, hata yeye mwenyewe nadhani hakujua.

"Mfiwa huyo," alisema hatimaye. "Leo, kwa mkono wako, amefiwa mara ya pili. Nitamwambiaje leo?"

"Basi."

"Fundi, usiseme basi."

"Nenda umrudishe nyumbani. Jua ni kali, hajala."

Alikwenda. Alimfungulia mama yake mlango wa mbele, upande wa abiria, akausimamia. Mama aliutazama ule mlango uliofunguliwa. Kisha akanyoosha mkono akafungua wa nyuma, akaingia, akaketi dirishani kama mtu anayepelekwa na gari la kukodi. Mpimaji alibaki ameshika mlango wa mbele usio na wa kuingia. Alinitazama. Alikuwa bado ameushika, na kwa muda fulani, sijui mfupi au mrefu, angeweza kusema ingia. Ningeingia. Namwambia msomaji ukweli kama nilivyomwambia mama: angesema tu, ningeingia na aproni yangu, nikakaa katikati, na lingekuwa lolote.

Aliufunga. Akazunguka mpaka upande wa dereva, akaketi. Benchi zima, mlango hadi mlango, lilikuwa na mtu mmoja. Nililishona vizuri, hata kwa mbali lilionekana, hapakuwa na mkunjo hata mmoja. Alivuta mlango wake ukagoma. Akavuta tena, ukagoma.

"Fundi," aliita. "Huu mlango."

"Raba ya mlango ni mpya," nilimwambia kutoka pale nilipokuwa. "Haijakubali. Usiubembeleze. Ubamize kwa nguvu."

Akaubamiza.